Pedali za Mtu Mmoja

Jumapili, Aprili 1998. Magwagwa.

Mvua imeacha, lakini mabati bado yanadondosha. Udongo umelainika hivi kwamba kuku wanatembea wakiinua miguu juu juu, kama watu waliovaa viatu vipya. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, daftari magotini, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa. Mwandiko utakuwa mbaya leo.

Moyo pia.

Baba amekaa ng'ambo ya ua, mbele ya nyumba kubwa, mkono wake wa kulia umening'inizwa shingoni kwa leso ya Mama. Hatuzungumzi. Si kwamba tumegombana. Afadhali tungegombana.

Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni Baba ameniita "mama". Mama, niletee maji. Mama, umekula? Hata barua alizonitumia chuoni zilianza hivyo. Tangu Alhamisi ananiita Nyaboke. Anasema kwa upole, bila hasira yoyote, kama anavyomwita mtoto wa jirani. Kila akinitaja nahisi nimesogezwa nyuma hatua moja.

Alhamisi alianguka na baiskeli.

Niandike tangu mwanzo, maana kichwani mwangu mambo yanakuja yamevurugika.

Baiskeli ile niliachiwa na yule mtafiti Mholanzi aliyekuwa akipima jinsi mvua inavyobeba udongo kwenye mashamba ya chai, huko Itumbe. Nilikuwa msaidizi wake kwa mwaka mzima: natafsiri, napima, naandika. Alipoondoka aliniachia baiskeli yake ya milimani, yenye magurudumu manene, pamoja na jozi ya viatu vyake vya kuendeshea ambavyo vilinitosha kama vilishonwa kwa ajili yangu. Siku nilipoifikisha nyumbani, Baba aliizunguka polepole, akabonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Yeye alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, aliyoiuza mwaka nilioingia chuo kikuu. Hajawahi kuniambia aliiuza kwa nini, nami sijawahi kujifanya sijui.

"Imerudi," alisema. "Imerudi imenenepa."

Tukacheka wote. Akaifunga keria nyuma, na kuanzia kesho yake baiskeli ikawa ya boma. Asubuhi ilipeleka maziwa. Mchana ilipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Siku ya Sabato Baba alimbeba Mama hadi kanisani, Mama amekaa upande, Biblia na kitabu cha nyimbo mapajani, akimkaripia kila wanapopita shimo. Pedali zake zilikuwa pana, zenye meno, na zilikubali mguu wowote: wa ndara, wa gambuti, hata mguu mtupu.

Jioni, baiskeli ikishamaliza kazi za watu, ilikuwa yangu. Nilishuka nayo vijia vya kati ya michai hadi mtoni, nikapanda upande wa pili mpaka mapafu yaungue. Tangu nimalize chuo nasubiri kazi ya ualimu ambayo haiji. Watu hunipa pole kwa sauti za msibani. Juu ya baiskeli hakuna anayenipa pole. Kule kuna mlima tu, nao haujui kwamba nina digrii.

Kisha nikasikia kuna mashindano ya njia za mashambani, upande wa Kericho, na wanawake wanakubaliwa. Nikajiandikisha. Ndipo nilipoanza kuziota pedali za kunasa.

Katika magazeti aliyoniachia Mholanzi kulikuwa na picha za pedali hizo. Chini ya kiatu kuna kichuma kidogo kilichofungwa kwa skrubu. Unakikanyagisha kwenye pedali, springi inakidaka, na mguu wako unakuwa kitu kimoja na baiskeli. Ukitaka kutoka, unasukuma kisigino nje. Faida yake iko mlimani: mguu unaoshuka unasukuma, na unaopanda nao unavuta, badala ya kupanda bure kama abiria. Nilisoma fizikia. Nilichora mishale karatasi nzima. Hesabu ilikubali.

Viatu nilikuwa navyo, vina hata mashimo ya skrubu. Pedali nilizipata Kisii mjini, kwenye duka la baiskeli la Mama Nilesh, yule mama wa Kihindi anayezungumza Ekegusii vizuri na wateja wa mashambani kuliko mimi ninavyozungumza na shangazi zangu. Mpwa wake alikuja kutoka ng'ambo akaacha jozi mbili kabatini. Mama Nilesh akaziweka zote juu ya kioo cha meza.

Jozi ya kwanza ilikuwa na upande mmoja wa kunasa, na upande wa pili bapa, wenye meno, wa kiatu chochote. Ilikuwa nzito kidogo. Jozi ya pili ilinasa pande zote mbili. Ndogo, nyepesi, inayong'aa, haina hata mahali pa kuweka kidole gumba cha mguu mtupu.

"Nyumbani nani anaendesha?" akaniuliza.

"Ni mimi tu."

"Wewe tu? Kisii hii, baiskeli ya mtu mmoja?" Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Dada, gari letu lina watu wanane ndani, na mimi mwenye gari natembea kwa miguu!"

Nami nikacheka. Nikachukua zile ndogo.

Ni mimi tu. Jibu hilo lilitoka mdomoni kirahisi kiasi kwamba nililisahau kabla sijafika stendi.

Sababu nilikuwa nazo, na zilikuwa nzuri. Pedali ya upande mmoja hugeuka chini juu, na kwenye kijia cha mawe huna nafasi ya kuitafuta kwa unyayo. Ile inayonasa pande zote, ukikanyaga tu umeshika. Halafu tope letu jekundu hushikilia kama ugali mbichi, na pedali ndogo iliyo wazi hulisukuma nje. Yote hayo ni kweli. Ningeweza kuyatetea mbele ya jopo la maprofesa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: nilichagua vizuri sana, kwa baiskeli ya mtu asiyeishi na wengine.

Nikafungua keria, maana ilikuwa inagonga gonga. Zile pedali pana nikampa Ombati, kijana wa bodaboda ya baiskeli wa pale sokoni, ambaye pedali yake moja ilikuwa imebaki chuma kitupu.

Wiki za kwanza zilikuwa za aibu. Nilikaza springi mno, kwa hofu ya kuchomoka mlimani. Nikafika sokoni Magwagwa, nikasimama kumpisha mama mwenye ndizi, nikasahau kwamba nimefungwa. Nikaanguka kwa ubavu, polepole, kama mgomba uliolemewa na mkungu, bado nimeshika usukani kwa heshima zote.

"Huyu nani amemfunga miguu?" mama mmoja akauliza.

"Amejifunga mwenyewe," mwenzake akajibu. "Ndiyo elimu hiyo."

Nikalegeza springi. Nikajifunza kutoa mguu kabla ya kufika, siyo baada. Kisha nikafanya kosa la kwetu. Hapa mafuta ya kukamulia ni dawa ya kila kitu: chuchu za ng'ombe, midomo iliyopasuka, visigino, bawaba za mlango. Nikayapaka kwenye springi za pedali, mengi, kwa upendo. Vumbi la barabara likaja likakaa humo, likagandamana na tope, na siku mbili baadaye kiatu kikagoma kutoka kabisa. Nililala katikati ya michai ya watu mpaka nikavua mguu, kiatu kikabaki kwenye pedali kama kimepigwa msumari. Na Mama, aliyekuwa ameona kopo linapungua, akaniuliza mezani bila kuinua uso, "Nyaboke, na hiyo baiskeli itaanza kutoa maziwa lini?"

Basi nikajifunza tena. Kuziosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kuziacha zikauke, tone moja tu la mafuta ya cherehani kwenye kila springi, halafu kufuta, kwa sababu kinachobaki baada ya kufuta ndicho kinachotosha. Kuchokoa tope kwenye vichuma vya viatu kwa njiti ya mwavuli. Kulegeza skrubu mara kwa mara na kuzipaka grisi zisioze. Nilizijua pedali zile kuliko nilivyomjua mtu yeyote hapa nyumbani.

Na maziwa? Baba alianza kuyapeleka kwa miguu.

Nataka kuandika kwamba sikuona. Niliona. Asubuhi moja alijaribu kuiendesha. Akaweka gambuti juu ya kile kichuma kidogo, likateleza, akaweka tena, likateleza. Akashuka, akaiegemeza ukutani taratibu, akachukua kopo la maziwa mkononi.

"Baiskeli hii imesoma," alisema. "Imefika chuo kikuu. Hainitambui tena."

Nilidhani ni mzaha. Nilicheka kwa sauti. Alipokwisha kupita langoni nilikuwa bado natabasamu, na njiti ya mwavuli mkononi.

Siku ya Sabato walitangulia kuondoka, yeye na Mama, kwa miguu.

Sasa Alhamisi. Ng'ombe alianza uchungu asubuhi na ndama hakutoka. Kulikuwa na manyunyu, barabara imekuwa sabuni. Mimi nilikuwa mtoni, chini ya daraja. Nilikuwa nimekwenda kuosha viatu vya baiskeli.

Nilisikia wanawake waliokuwa wakifua wakipiga kelele, nikainua macho. Baba alikuwa anashuka mteremko kwa baiskeli, koti linapepea, akienda kumwita daktari wa ng'ombe. Miguu yake ilikuwa ikitafuta pedali. Hiyo ndiyo picha ninayoiona nikifumba macho. Magambuti mawili yaliyolowa, yakikanyaga, yakiteleza, yakitafuta tena, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Alijaribu kusimama kabla ya daraja, akaegemea mguu mmoja kwa nguvu, na mguu haukuwa na mahali pa kuegemea. Aliingia kwenye mtaro wa mawe kwa bega.

Nilikimbia na kiatu kimoja mkononi na kingine kikiwa mtoni.

Alikuwa mzima, macho wazi, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Bega lilikuwa limekaa vibaya. Hakusema ameumia. Alisema, "Ng'ombe. Nenda ukamwite daktari."

"Baba, bega lako..."

"Bega halizai. Nenda. Wewe ndiye unayeiweza."

Mwanamke mmoja alinirushia kiatu cha pili. Nikavaa viatu vimejaa maji, nikainua baiskeli kando ya baba yangu aliyelala chini, nikapanda. Vichuma vikashika. Tak. Tak. Ule mlio mdogo ninaoupenda, niliokuwa nikiusikiliza kila jioni kama mtu anayesikiliza saa mpya.

Yeye naye aliusikia. Aligeuza uso upande wa pili.

Nilipanda mlima ule bila kuhisi miguu. Pedali zilifanya kila kitu nilichokihesabu kwenye karatasi. Daktari akatoka na pikipiki yake mara moja, nami nyuma. Tulipofika nyumbani, majirani walikuwa wamembeba Baba juu ya benchi la kanisa, na ng'ombe alikuwa amekwisha kuzaa mwenyewe. Alikuwa anamlamba ndama wake huku akitutazama sisi wote kwa mshangao.

Hospitalini Nyamira walisema ni mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Umevunjika, utaunga, lakini hatachuma chai wala kukamua kwa muda mrefu. Mama ndiye anayekamua sasa. Mimi najaribu, na ng'ombe ananipiga teke.

Ijumaa nilimtafuta Ombati sokoni nimwombe zile pedali pana. Akanitazama kama nimemwomba figo.

"Dada Nyaboke, hizo pedali zimebeba nusu ya Magwagwa! Nikikupa, mimi nikanyage nini, upepo?" Halafu, akikumbuka, akashusha sauti. "Mzee anaendeleaje?" Akaniletea jozi kuukuu ya pedali za mpira, zile za baiskeli nyeusi, mpira umelika upande mmoja. Niliitambua aina yake papo hapo. Za Baba zilikuwa hivyo hivyo.

Jana ilikuwa Sabato, kwa hiyo spana hazikuguswa. Nilikaa kanisani na pedali za mpira zikiningoja nyumbani, mzee wa kanisa akimwombea Baba. Baada ya ibada Mama Kerubo, jirani yetu, akanishika mkono mlangoni. "Nasikia baiskeli yako ina viatu vyake yenyewe, kama bibi harusi," alisema. "Na baba mkwe ndiye aliyeangushwa." Wengine wakacheka, siyo kwa ubaya. Mama peke yake hakucheka. Akasema, "Twende nyumbani," na tukaenda.

Leo, mvua ilipopungua, nimeitoa baiskeli uani. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume, hilo nalijua, nayo ilitoka bila shida. Ya kulia ilikuwa imeganda. Siku nilipozifunga nilipaka grisi kila mahali panapoonekana; kwenye nyuzi za skrubu za ndani, pasipoonekana, sikupaka. Nikavuta spana, ikachomoka, vidole vikaenda kwenye meno ya gia.

Baba alikuwa ananitazama tangu mwanzo. Akainuka, akaja, akasimama juu yangu.

"Ishike isimame," alisema. Akaweka gambuti lake juu ya spana, akaegemea uzito wote. Chuma kikalia, kikaachia. Hakuteleza hata kidogo.

Nikafunga za mpira, nimezipaka grisi safari hii. Zilionekana kichekesho, kama mzee aliyevalishwa soksi za mpira wa miguu. Nilitarajia atasema kitu kuhusu baiskeli kurudi. Nakiri nilitarajia zaidi ya hapo. Nilitarajia aniite mama.

"Na Jumapili ijayo?" akauliza. "Kericho?"

"Siendi, Baba."

"Nani amekukataza?"

"Hakuna. Nimeamua."

"Umeamua." Akatikisa kichwa polepole. Akaugusa mpira wa pedali kwa ncha ya gambuti, ikazunguka. "Na hizi atazikanyaga nani? Mimi?" Akainua kidogo mkono uliofungwa. "Au mama yako?"

"Mimi msinitie humo!" Mama akaita kutoka jikoni.

Baba karibu acheke. Niliona cheko likija, kisha likarudi.

"Nyaboke," alisema, "ulipozileta hukuniuliza. Unapozitoa pia hujaniuliza."

Akaenda kumwangalia ndama.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Nilidhani nilikuwa nalipa. Nilijisikia safi kabisa nikisema siendi, kama mtu anayetoa sadaka kubwa huku kanisa zima linamtazama. Lakini alichoniambia ni kwamba hata toba yangu nimeiendesha peke yangu. Nimefunga miguu ndani ya toba nayo, tak, tak, nikaondoka, na yeye nimemwacha kwenye mtaro.

Yule mama wa dukani aliniuliza swali moja tu, na jibu langu bado ni lile lile.

Giza halijaingia. Baba amerudi kukaa mahali pake, ndama amemfuata na anajaribu kunyonya ncha ya leso. Pedali za kunasa ziko hapa kando yangu, juu ya gazeti, nimezisafisha kwa mazoea bila kufikiri. Mama Nilesh huenda bado ana ile jozi nyingine kabatini, yenye upande wa viatu vyangu na upande wa viatu vya watu wote. Huenda atanibadilishia. Ona, nimeanza tena. Nimekwisha kupanga.

Kesho, akimaliza chai, nitaiegemeza baiskeli mbele yake, nimwekee pedali zote pale chini, nimwulize tufunge zipi, na Jumapili tufanyeje. Kisha ninyamaze. Akisema nenda, niende. Akisema kaa, nikae, na nisikae kama shujaa.

Sijawahi kumwuliza baba yangu swali ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari. Swali la namna hiyo huanzwa vipi?